Jibu na Sababu Yake

Mhadhara juu ya maarifa ya jumla, uliotolewa mjini Tarime mbele ya walimu, viongozi wa dini, wazee na wanafunzi wa wilaya za Tarime na Serengeti

 

Nimetakiwa niseme juu ya maarifa ya jumla, yaani yale maswali ya historia, jiografia, sayansi na Biblia ambayo watoto huulizana katika chemsha bongo za shuleni, na ambayo vijana wa makanisa yetu hushindania wakati wa makambi na sikukuu. Wapo wasomi wasemao kuwa maswali ya namna hii ni mchezo wa kumbukumbu tu, na kwamba mtoto ajuaye kuwa Methusela aliishi miaka 969 hana faida yoyote juu ya mwenzake asiyejua. Mimi si wa rai hiyo. Madhumuni yangu leo ni kuyatetea maswali haya kwa moyo wote, lakini kwa sharti moja: kwamba kila jibu liambatane na sababu yake, na sababu hiyo, kila inapowezekana, itafutwe hapa hapa tulipo. Jibu lisilo na sababu ni kama mbegu iliyokaangwa. Umbo lake ni la mbegu na harufu yake yapendeza, illa ukiifukia ardhini haioti.

Hoja zangu ni tano, nazo hazilingani kwa urefu. Ya tatu itachukua muda zaidi ya nyingine, kwa kuwa ushahidi wake uko machoni petu kila siku.

Hoja ya kwanza ni kwamba si kila jibu lipigiwalo makofi ni la kweli. Liko swali ambalo nimelisikia tangu ujana wangu: kwa nini mpaka wa Tanzania na Kenya, uliotoka pwani umenyooka, hupinda ufikapo Kilimanjaro? Jibu lililozoeleka ni kwamba Malkia Victoria wa Uingereza alimtunukia mlima huo mjukuu wake, Kaisari Wilhelm wa Ujerumani, uwe zawadi ya siku ya kuzaliwa. Hadithi ni tamu, na utamu wake ndio uliouhifadhi uongo wake. Lakini zichukueni tarehe mbili tu mzipambanishe. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani yaliyochora mpaka ule ni ya mwaka 1886, na Wilhelm mjukuu wa Malkia hakukalia kiti cha ukaisari ila mwezi Juni 1888. Mwaka ule wa mapatano, Kaisari alikuwa babu yake wa kuumeni, ambaye Malkia hakuwa bibi yake. Kilichoupinda mpaka ni jambo lisilo na utamu wa hadithi: wajumbe wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha andikishana mikataba na watawala wa Uchagga, kila upande ukidai mlima ni wake, na katika kugawana Wajerumani wakaachiwa mlima, Mombasa na bandari yake ikabaki upande wa Waingereza.

Ndugu zangu wa Sirari, swali hili ni lenu kuliko la watu wa Moshi. Mstari ule ule, baada ya kuuzunguka mlima, uliamriwa uende moja kwa moja hata mahali ambapo latitudo ya digrii moja kusini ya ikweta inakutana na ufuko wa mashariki wa Ziwa Victoria. Itazameni ramani: haufuati mto, wala kilima, wala malisho. Ulichorwa kwa rula mezani huko Ulaya, ukapita katikati ya Wakurya, na ndiyo sababu leo Wairege, Wanyabasi na Wakira wako Tanzania na wako Kenya, wakizikana na kuozana kupitia mpaka ambao babu zao hawakuulizwa. Mtoto ajuaye tarehe 1886 peke yake amejua tarehe. Ajuaye kwamba tarehe hiyo ndiyo inayomfanya shangazi yake wa Isebania awe raia wa nchi nyingine, huyo amejua historia.

Katika maswali ya Biblia pia yamo majibu yaliyorithiwa bila kuhakikiwa. Mamajusi walikuwa wangapi? Watatu, watasema wote kwa sauti moja. Lakini Mathayo hakutaja idadi yao, alitaja tunu tatu, dhahabu, uvumba na manemane, nasi tukawahesabu watu kwa kuhesabu mikono yao. Nuhu aliingiza wanyama wangapi wa kila aina katika safina? Wawili wawili, na kweli mlango wa sita wa Mwanzo wasema hivyo; lakini mlango wa saba unaongeza kwamba walio safi waliingizwa saba saba. Ni mnyama gani aliye safi? Liwekeni akilini swali hilo, tutakutana nalo porini.

Hoja ya pili ni kwamba tarakimu haisemi kitu mpaka ijulikane imepima nini. Tunafundisha kwamba Ziwa Victoria ni kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na kwamba katika maziwa ya maji matamu duniani linatanguliwa na Superior la Amerika ya Kaskazini peke yake. Ni sahihi, maadamu tunapima uso wake, ambao ni kilometa za mraba zipatazo 68,800. Lakini tukiteremsha kamba, kina chake kikubwa hakizidi sana mita 80, ilhali Ziwa Tanganyika lapita mita 1,400. Kwa hiyo tukiuliza ni lipi lenye maji mengi, Tanganyika linalipita Victoria takriban mara saba. Tanganyika limejaa ndani ya ufa wa ardhi, katika mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, na Victoria limetandaa juu ya nchi bapa iliyo kati ya mikono miwili ya bonde hilo. Na kwa kuwa ni la kina kifupi limepata kukauka. Wataalamu waliochimbua matope ya sakafu yake wameona dalili za nyasi zilizoota pale miaka ipatayo 15,000 iliyopita, hivi kwamba mvuvi wa Musoma au wa Shirati atandazaye nyavu zake usiku huu anazitandaza juu ya uwanda uliopata kuwa nchi kavu.

Pima tena. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa kumi, chasema kwamba dhahabu iliyomfikia Sulemani kwa mwaka mmoja ilikuwa talanta 666. Katika mashindano mengi jibu huishia hapo. Talanta ilikuwa na uzito wa kilo kama 34, basi hesabu hiyo yazidi tani 22. Mtu wa mahali pengine atazisikia tani hizo kama neno tu, lakini mtu wa Nyamongo, aliyeishi karibu na mgodi na kuona mlima wa mawe ukisagwa, ajuaye kwamba tani nzima ya mwamba hutoa gramu chache za dhahabu, huyo ndiye anayeweza kukadiria mwandishi alikusudia utajiri wa kiasi gani. Miamba yenyewe inayobeba dhahabu ya Nyamongo imezidi umri wa miaka bilioni mbili na nusu. Ilikuwako kabla ya mnyama yeyote na kabla ya jani lolote kuota juu ya nchi kavu.

Na zaburi ndefu kuliko zote ni ya 119, yenye aya 176. Kwa nini 176? Kwa sababu herufi za Kiebrania ni 22, na mtunzi alizipa kila moja aya nane zianzazo kwa herufi hiyo, na nane mara ishirini na mbili ndiyo hiyo. Washairi wa Siu na Lamu walifanya kazi ya jinsi hiyo walipotunga tenzi kwa kufuata alifu, be na te, ili mwanafunzi ashike moyoni kwa mpangilio wa herufi. Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa wetu huu, aliyeweka Injili katika tenzi za Kiswahili zilizochapishwa mwaka 1996, alijua vema kwamba maneno yaliyofungwa kwa vina na mizani hukaa kifuani muda mrefu kuliko maneno yaliyoachwa huru. Basi mtoto asikariri 176. Akumbuke 22 na nane, na 176 atajitengenezea mwenyewe.

Sasa nafika katika hoja ya tatu, nayo ni kwamba historia, jiografia, sayansi na maandiko matakatifu vimetengwa katika ratiba za shule, lakini porini havikutengana. Mwulizeni mtoto yeyote: nyumbu wa Serengeti ni wangapi? Atasema wamepita milioni moja, na amesema kweli. Mwulizeni tena: walikuwa wangapi babu yako alipokuwa kijana? Hapo kimya huingia.

Mwaka 1958 Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka juu ya mbuga kwa ndege ndogo iliyopakwa milia ya punda, wakihesabu wanyama, na hesabu yao ya nyumbu haikutimia laki moja. Michael alikufa Januari 1959 ndege hiyo ilipoanguka, akazikwa kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Wengine waliokuja kuhesabu mwanzoni mwa miaka ya 1960 walipata kama laki mbili na nusu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja na robo. Hakuna aliyewaleta kwa meli wala kwa gari. Walitoka wapi?

Jibu liko zizini. Katika miaka ya 1890 ilipita Afrika ya Mashariki sotoka, maradhi ya ng'ombe yaliyotoka pembe ya kaskazini-mashariki ya bara na kushuka mpaka kusini kabisa, na mahali pengi katika kila ng'ombe kumi hakubaki hata mmoja. Mnyama hutokwa machozi na kamasi, mdomo ukachubuka, akaharisha, na baada ya siku chache akaanguka. Wazee mliomo humu mmesimuliwa na babu zenu habari za mazizi yaliyoamka kimya. Pamoja na ng'ombe walikufa nyati na nyumbu, kwa kuwa virusi vya sotoka havitambui mpaka kati ya mfugo na mnyama wa porini. Watu wakafa njaa, mashamba na malisho yakageuka vichaka, na mbung'o akaingia vichakani. Wageni waliofika baadaye waliiona nchi tupu wakadhani ndivyo ilivyoumbwa.

Maradhi yale hayakuondoka. Yalikaa miongoni mwa wanyama yakiwaua ndama wa nyumbu kila mwaka mara walipoacha ziwa la mama. Halafu daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, walipata chanjo nzuri kwa ajili ya ng'ombe, na ng'ombe waliolizunguka pori wakachanjwa kwa wingi. Nawaomba vijana mlitie mstari jambo hili: nyumbu hakupigwa sindano. Aliyechanjwa ni ng'ombe, na sotoka ilipokosa makao katika ng'ombe ikatoweka katika nyumbu vilevile. Ndama wakaishi. Nyumbu walipozidi wakala nyasi nyingi, nyasi zilipopungua mioto ya kiangazi ikapungua, na mioto ilipopungua miche ya migunga ikapata nafasi ya kuwa miti. Hivyo mwenye ng'ombe wa Ikoma au wa Nata, aliyempeleka mnyama wake katika foleni ya chanjo bila kuwaza jambo lolote zaidi ya zizi lake, alishiriki kuipa Serengeti wingi ambao dunia nzima huja kuutazama. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kuwa sotoka imekwisha kabisa. Maradhi mengine yaliyopata kufutwa hivyo ni ndui peke yake, mwaka 1980. Na virusi vya sotoka ni ndugu wa virusi vya surua, ile surua inayowapata watoto wetu, ambayo wataalamu wanaona kwamba asili yake ni kwa ng'ombe. Msomaji wa mlango wa tisa wa Kutoka, aonapo tauni nzito ikiwashukia wanyama wa Misri, hana haja ya kubuni picha ikiwa amezaliwa katika nchi iliyopitiwa na sotoka.

Tusiondoke porini bado, maana lile swali la Nuhu linatungoja. Torati, katika Walawi mlango wa 11 na Kumbukumbu la Torati mlango wa 14, yasema kwamba mnyama aliye safi ni yule mwenye kwato zilizopasuliwa tena acheuaye. Nendeni mkamtazame nyumbu aliyejilaza chini ya mgunga adhuhuri: taya lake latembea upande upande, halafu husita, ameza, sekunde chache zapita, na chini ya ngozi ya shingo mwaliona tonge likipanda kutoka tumboni kurudi kinywani, taya likaanza tena. Huyo acheua, na kwato zake zimepasuka. Punda milia aliye jirani yake ana ukwato mmoja mzima na hacheui. Ngiri ana kwato zilizopasuka lakini hacheui, naye kwa hesabu ya Musa ni mwenzake nguruwe. Katika hili la nguruwe Waislamu na Wayahudi wamekaa meza moja.

Watu wengi huishia kwenye sheria ya chakula, nami siigusi heshima yake. Lakini tazameni kwamba alama zile mbili alizopewa Israeli, za mguuni na za kinywani, ndizo zinazoelekeza mwendo wa Serengeti nzima. Nyumbu ana tumbo la vyumba vinne, ambamo majani hukaa muda mrefu yakifanyiwa kazi na vijidudu mpaka yatoe nguvu yote, kwa hiyo hutafuta nyasi fupi na laini. Punda milia huyachachusha majani nyuma, katika utumbo mpana; hapati nguvu nyingi kwa kila tonge, lakini hupitisha chakula upesi, kwa hiyo aweza kula mabua marefu na makavu ambayo nyumbu angeyakataa. Basi punda milia aghalabu hutangulia, akikata vichwa vya nyasi ndefu. Nyumbu hufuata akikuta majani ya chini yamefunuliwa. Na nyuma yao huja swala tomi, mwenye mdomo mdogo, akidonoa machipukizi yaliyo karibu na udongo. Wanakula shamba moja kwa zamu, wala hawagombani.

Na kwa nini wahame? Kusini, kwenye uwanda ulio chini ya Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, udongo ni majivu ya volkano yenye chokaa na fosforasi kwa wingi, na majani yake ndiyo yampasayo mama anyonyeshaye. Huko ndiko ndama huzaliwa mwezi wa Februari, malaki kwa malaki katika majuma machache. Lakini uwanda ule hukauka. Kaskazini, kwetu, mvua ni kubwa kuliko huko, na Mto Mara, utokao milima ya Mau nchini Kenya na kumwagika katika ziwa baada ya kilometa zipatazo 395, hautindiki wakati wa kiangazi. Nyumbu huja kwetu kwa ajili ya maji na hurudi kusini kwa ajili ya madini. Atakayeikata misitu ya Mau, au atakayeyachafua maji ya Mara, atakuwa amewazuilia safari nyumbu wa Serengeti bila kumgusa hata mmoja kwa mkuki.

Mtaniruhusu niongeze mnyama mmoja mdogo, pimbi, akaaye juu ya mawe makubwa ya Seronera, ambaye Biblia yetu humwita wibari na kumtaja pamoja na wanyama wacheuao. Mtazameni akiota jua: taya lake halitulii, na mtu yeyote angeapa kuwa acheua. Waliompasua wanasema tumbo lake si la mcheuaji. Lakini wanasema na jambo jingine la ajabu zaidi, kwamba huyu mdogo asiyezidi sungura kwa ukubwa, katika wanyama wote walio hai, nduguze wa karibu ni wawili: tembo, na yule nguva wa baharini ambaye wavuvi wa Kilwa na Mafia wamjua. Meno yake mawili ya mbele, yanayoendelea kuota siku zote, ni pembe za tembo kwa udogo.

Hoja ya nne ni fupi. Baadhi ya maarifa haya wenyeji wa hapa walikuwa nayo kabla ya kitabu kufika, nasi hatuyaulizi katika mashindano yetu. Wakurya huhesabu vizazi kwa amakora: mwana wa Saai ni Nyambureti, mwana wa Nyambureti ni Gamunyere, wa Gamunyere ni Maina, na mwana wa Maina ni Saai tena, na upande wa pili Chuuma, Mairabe, Gini na Nyangi huzunguka vivyo hivyo. Mzee akitajiwa rikora la mtu, yaani kizazi chake, hujua amsalimu vipi na amhesabu wapi katika miaka. Mathayo naye alipofungua kitabu chake alipanga vizazi kumi na vinne mara tatu, kutoka Ibrahimu hata Kristo. Wasomaji wengi wa Ulaya huruka ukurasa ule. Mzee wa Kikurya huusoma kwa utulivu, kwa kuwa ndivyo na yeye angeanza.

Vivyo hivyo na saa. Sisi twahesabu kuanzia jua kuchomoza, na adhuhuri kwetu ni saa sita. Biblia nayo yahesabu hivyo: mwenye shamba la mizabibu aliwaajiri watu saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. Mtoto wa London lazima afafanuliwe kwamba wa mwisho walifanya kazi saa moja tu kabla ya giza. Mtoto wa Tarime ameelewa tangu aya iliposomwa, na manung'uniko ya wale waliochomwa na jua mchana kutwa ameyasikia shambani kwao.

Hoja ya tano na ya mwisho ni kwamba jibu lililo bora ni lile ambalo mtu amelipima mwenyewe. Kila mtoto hufundishwa kwamba mzingo wa dunia ni kilometa 40,000. Nani amempimia? Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Iskanderia, alisikia kwamba siku moja ya mwaka, katika mji wa Siene ambao sasa ni Aswan, jua la adhuhuri humulika mpaka chini ya kisima, na vitu havina kivuli. Siku hiyo hiyo kule Iskanderia kivuli kilikuwapo, na pembe yake ilikuwa sehemu ya hamsini ya duara. Akazidisha umbali wa miji hiyo miwili kwa hamsini, akaipima dunia bila kutoka Misri.

Tarime yetu ina siku kama hiyo, tena mbili kwa mwaka. Sisi tuko kama digrii moja na theluthi kusini ya ikweta, na jua hutupita utosini mnamo tarehe 17 Machi na mnamo tarehe 26 Septemba. Kati ya Machi na Septemba vivuli vya adhuhuri huangukia kusini, na baada ya hapo hugeuka vikaangukia kaskazini. Mkulima yeyote wa kahawa aweza kulithibitisha hilo kwa mti wa kivuli ulio shambani mwake. Lakini msitoke nje saa sita kamili. Saa zetu hufuata mstari wa longitudo ya digrii 45, ulio mbali nasi upande wa mashariki, na dunia huchukua dakika nne kugeuka digrii moja; kwa hiyo siku ile ya Septemba jua litafika utosini Tarime saa sita na dakika 34 hivi. Kwa sababu iyo hiyo jua la Dar es Salaam hututangulia kwa dakika kama 20.

Basi ombi langu kwa walimu ni hili, nami nalitoa mapema ili liingie katika ratiba za muhula. Tarehe 26 Septemba, katika kila shule ya Tarime, kisimikwe kijiti cha mita moja, kilichonyooshwa kwa timazi, na watoto wakizunguke tangu saa sita na robo, wakitia alama kwenye ncha ya kivuli mpaka kitoweke. Shule za Mugumu zifanye hivyo siku hiyo na ya pili yake, maana sehemu iliyo chini kabisa ya jua husogea kusini karibu kilometa 43 kila siku, na Mugumu iko kusini yetu kwa zaidi kidogo ya hapo. Na mwalimu mmoja ampigie simu mwalimu mwenzake wa Songea, awaombe watoto wa huko wapime kivuli cha kijiti chao siku ile ile ya 26, kinapokuwa kifupi kuliko vyote, kama saa sita na nusu. Wataona sentimita zipatazo 16, zikielekea kusini. Pembe ya kivuli hicho ni digrii tisa na kitu. Igawanyeni duara ya digrii 360 kwa pembe hiyo, kisha zidisheni kwa umbali wa Tarime na Songea kwa mstari wa kaskazini na kusini, ambao ramani itawapa kuwa kilometa kama 1,030.

Namba watakayoipata haitakuwa 40,000 kamili, na itafaa walimu wawaache watoto wabishane kosa limeingilia wapi: katika kijiti, katika timazi, au katika ramani. Mwenyekiti akikubali, mwezi wa Oktoba tukutane tena katika ukumbi huu huu, wao wakiwa wanenaji nasi tukiwa wasikilizaji.